Askari Niliyemfanya Mtoro

Wanangu mnaoanza kazi za masjala, naanza na kosa langu kubwa kuliko yote, ili mkichoka kunisikiliza njiani muwe mmeshalipata. Nilimchukua kijana aliyekufa vitani, aliyekuwa amelala kaburini zaidi ya miaka thelathini, nikamgeuza mtoro kwa kalamu yangu mwenyewe. Sikuwa na ugomvi naye, wala sikuwahi kumwona. Nilijaza fomu tu, tena kwa mwandiko mzuri ambao wenzangu walikuwa wanausifu.

Nilikuwa karani wa masjala mjini Tarime mpaka nilipostaafu. Nilipanga Nyamisangura, nyuma ya maduka ya vipuri vya pikipiki, na sasa nimerudi kwetu Kisaka, nalima mahindi na kugombana na mbuzi wa jirani. Masjala ni chumba cha kutunzia faili. Watu wengi wanadhani anayekaa mle amefungiwa kwa sababu hana akili ya kazi nyingine. Waacheni waseme. Siku wakitafuta cheti cha babu yao ndipo watakapowaamkia kwa adabu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Muhiri, karani mkuu, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alikuwa na maneno machache na alikuwa mkali kuyahusu. La kwanza: usimuulize mzee mwaka, maana atakupa wowote ili uondoke. Muulize ni rika gani lilikuwa linatahiriwa, au daraja lilivunjwa na mvua ipi, kisha mwaka utautafuta mwenyewe. La pili: usifute. Ukikosea, pitisha mstari mmoja, kosa lisomeke chini yake, uweke sahihi pembeni. La tatu lilinichosha kuliko yote. Ukitafuta jina, usiishie pale ulipotegemea kulikuta, soma kitabu kizima.

Hilo la tatu lina sababu. Simameni sokoni Tarime siku ya gulio mkaite, "Chacha!" Nusu ya wanaume watageuka. Mkiongeza "Chacha Marwa!" watabaki wachache, lakini bado watatosha timu ya mpira na wachezaji wa akiba. Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga faili la Mwita Marwa mmoja baada ya kupata taarifa ya kifo cha Mwita Marwa mwingine. Wiki mbili baadaye akaingia ofisini mzee mrefu mwenye kofia ya pama, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nimesikia nimekufa," akasema. "Nimekuja kuuliza nimezikwa wapi, nikapalilie."

Mzee Muhiri hakucheka. Alimvutia kiti. "Karibu, marehemu. Kaa tukufufue."

Yule mzee alinisamehe, lakini hakuniacha nisahau. Kila alipopita mjini aligonga dirisha letu kwa fimbo: "Karani! Bado!" Alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, wanawe walinitumia habari mimi kabla ya wajomba zao, wakaniomba safari hii niandike bila wasiwasi. Nilikwenda mazishini nikalia kama mtoto wa nyumba ile.

Kwa hiyo nilijua jina linavyoweza kumdhuru mtu. Ndiyo maana kosa la pili linaniuma zaidi, kwa sababu nilishakuwa mkongwe, na Mzee Muhiri alishatangulia mbele za haki.

Ilikuwa hivi. Kamati ya wazee, viongozi wa dini na askari wastaafu iliamua kujenga mnara mdogo wa kuwakumbuka vijana wa sehemu zetu waliokufa katika vita vya Kagera. Walihitaji karani wa kuzunguka kwa familia na fomu, wakanichukua mimi. Kulikuwa pia na mhakiki, kijana msomi kutoka mkoa wa mbali, aliyepewa kazi ya kulinganisha fomu zangu na maelezo mengine kabla jina halijachongwa kwenye jiwe. Alikuwa mtaratibu na mwenye heshima, na sitaki mumchukie katika habari hii.

Siku moja pikipiki ilinipandisha milimani mpaka kwa Mama Ghati. Alikuwa bibi mkavu, mwenye macho makali, ameketi kwenye kigoda anachagua mawe kwenye ulezi. Pembeni yake mwanamke wa makamo, Bhoke, alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikaeleza kilichonileta. Aliacha ulezi, akaweka mikono mapajani.

"Mwanangu ni Chacha Ryoba," akasema. "Alikwenda vitani, hakurudi. Rafiki yake alikuja kunieleza amemzika. Karatasi ya serikali ililetwa baadaye, mchwa wakaila."

"Aliacha mke?"

"Mke huyu hapa." Alimwonyesha Bhoke kwa kidevu.

"Na watoto?"

"Watatu. Mkubwa ni Marwa, ni fundi pikipiki huko huko kwenu Nyamisangura."

Nikaandika: mke, Bhoke. Watoto, watatu. Fomu ilitaka miaka ya kuzaliwa, Bhoke akaingia ndani akaniletea kadi za kliniki, nikanakili. Nikanywa uji, nikashukuru, nikaondoka.

Mliozaliwa huku mmeshaliona kosa. Wa mbali nawaeleza. Kwetu, mama akifiwa na mwana ambaye hakuwahi kuoa, nyumba yake haiachwi izimike. Anaweza kutoa ng'ombe akamwolea marehemu mke. Mama Ghati alitumia ng'ombe wa mahari ya binti yake, akamwoa Bhoke kwa jina la Chacha, wakati Chacha ameshalala ardhini. Bhoke akazaa. Nani alisaidia kuzaa si jambo la kuulizwa, na mtu mwenye malezi haulizi. Watoto ni wa Chacha, wanaitwa kwa jina lake, watarithi shamba lake. Hata kwetu Kisaka desturi hii ipo, nami nimekua nikiiona. Kwa hiyo nilipoandika "watoto watatu" mkono wangu haukusita. Karani mgeni angeuliza maswali. Mimi, mwenyeji, nilijaza kila kitu sawasawa na kila kitu kikawa kosa.

Mhakiki alichukua fomu akafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Mtoto wa kwanza alizaliwa miaka minne baada ya vita kwisha. Akaandika kwa wino mwekundu: "Inaelekea hakufa. Huenda alitoroka jeshini akarejea nyumbani. Jina liondolewe." Nakala ikapelekwa kijijini kwa mtendaji, ikabandikwa ubaoni pamoja na orodha nyingine, kabla mimi sijaiona.

Majirani walijua ukweli, lakini karatasi yenye mhuri ina sauti kubwa kuliko jirani. Na kila kijiji kina mtu mwenye kinyongo. Ikaanza kusemwa kwamba Chacha alivuka Sirari akajificha Kenya, na kwamba alikuwa anarudi kwa siri. Mnajua watu wetu walivyo na jeshi. Kuna koo ambazo mwanamume hahesabiwi mtu mpaka atoe kijana wa kuvaa sare. Kumwambia mama kama yule kwamba mwanawe aliwakimbia wenzake ni heri umpige.

Marwa alinifuata ofisini, mikono bado ina grisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura," nikamwitikia, kama tunavyowaita vijana kwetu. "Kaa."

Hakukaa. "Mteja wangu leo amekataa kulipa. Amesema mwana wa mtoro hana ubavu wa kumdai mtu. Bibi yangu tangu juzi hali chakula. Nimekuja kukuuliza ni nani aliandika."

"Ni mimi," nikasema.

Nadhani alikuja amejiandaa kwa mtu atakayekana. "Basi andika tena," akasema, akatoka.

Nilimwendea mhakiki nikamweleza desturi yetu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, akaelewa nusu. Akasema suluhisho ni jepesi: mke aandike barua ya mistari miwili, kwamba watoto wake hawakuzaliwa na marehemu. Barua ikifika, jina linarudi siku hiyo hiyo. Nami, kwa aibu niliyokuwa nayo na haraka ya kuimaliza, nikaona ni wazo zuri. Nikaiandika ile barua mwenyewe nikapanda nayo mlimani, nikiwa nimebeba kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba.

Bhoke aliisikiliza nikiisoma. "Mama akisema niweke dole, nitaweka," akasema taratibu.

Mama Ghati akanigeukia.

"Karani, una watoto?"

"Ninao, mama."

"Basi fikiri. Nikinyamaza, Chacha ni mtoro. Nikikubali barua yako, Chacha si mtoro, lakini amekufa bila mtu, na hawa niliowalea ni watoto wa njiani. Unanipa mwanangu kwa mkono mmoja, unamchukua kwa mwingine. Mimi sijui kusoma, lakini hilo nimelisoma." Akanirudishia karatasi. "Ulilifunga fundo wewe. Lifungue bila kukata kamba."

Nilishuka ule mlima kwa miguu. Pikipiki ilikuwepo, lakini sikutaka mtu aone uso wangu.

Njiani ndipo nikamkumbuka Mzee Muhiri, nikajiona mjinga. Nilikuwa nimeng'ang'ania upande wa watoto, wakati swali halikuwa la watoto. Swali lilikuwa kama mtu huyu alikufa. Na mtu akifa jeshini, kuna mwenzangu mahali fulani, karani kama mimi, aliyemwandika kwenye kitabu. Wanangu, lishikeni hili: mtu akitilia shaka karatasi yako, usianze kuitetea. Nenda ukatafute karatasi nyingine iliyoandikwa na mtu asiyekujua.

Mama Ghati alikuwa amehifadhi barua moja ya Chacha kwenye kopo la majani ya chai. Aliandika kwa penseli akiuliza kama yule ng'ombe wa madoadoa ameshazaa. Juu, pembeni, palikuwa na namba yake ya jeshi. Niliinakili mara tatu, nikaomba ruhusa kwa barua, na baada ya majibu kuchelewa mpaka nikakata tamaa, yakaja. Tukasafiri mimi na Marwa mpaka Kagera, kwenye makaburi ya askari.

Sina maneno mengi kuhusu mahali pale. Makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, nyasi zimekatwa, na pana ukimya unaomfanya mtu avue kofia bila kuambiwa. Mlinzi wake, sajenti mstaafu mwenye mguu mbovu, alitutolea kitabu cha mazishi na meza. Kitabu hakikupangwa kwa majina wala kwa namba. Kilipangwa kwa jinsi walivyozikwa. Nikafanya nilichofundishwa, nikaanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, rula chini ya jina.

Nilisoma siku mbili. Vijana wa Songea, wa Newala, wa Shinyanga, wa Pemba. Mwanzoni nilikuwa naruka macho kutafuta namba yangu. Kufikia mchana wa kwanza nilishaacha kuruka. Nilianza kuwasoma wote, kwa sauti ya chini, majina na mikoa yao, kwa sababu niliona haya kumpita mtu kana kwamba amesimama njiani kwangu. Karani aliyewaandika alikuwa na mkono mzuri. Kuna kurasa ambazo mkono ulitetemeka, na hapo niliweka kalamu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Siku ya pili, baada ya chakula, nikaikuta namba. Chacha Ryoba, Tarime. Mstari wa kaburi, siku ya kuzikwa, aina ya jeraha. Nikamwita Marwa. Kisha macho yangu yakafika safu ya mwisho, na kidole gumba kikatua pale chenyewe kabla sijakituma.

Marwa aliinama akasoma. Alisoma jina mara mbili.

"Mzee, toa kidole."

"Hapo ni mambo ya ofisi tu."

"Toa kidole, mzee."

Nikatoa. Palikuwa pameandikwa: "Jamaa wa karibu: mama. Hajaoa. Hana mtoto."

Nilikuwa nimekwenda mbali kiasi kile kumtafutia kijana yule baba yake, nikampata, na kitabu kikamwambia huyo hana mwana. Niliomba radhi, sijui nilisema nini. Marwa aliweka mkono begani kwangu, mimi mwenye mvi.

"Usihangaike," akasema. "Nilijua tangu nachunga ng'ombe. Aliyenizaa namfahamu, tunasalimiana sokoni. Hajawahi kuniuliza kama nimekula. Bibi alikuwa ananiamsha asubuhi ananiambia, 'Amka, mwana wa Chacha, baba yako hakuwa mvivu.' Nimelelewa na huyu aliyeandikwa hapa." Akamwomba sajenti amwonyeshe kaburi. Alikaa huko mpaka jua likapoa, nami nikabaki mezani nikinakili ule mstari, neno kwa neno, pamoja na ile safu ya mwisho. Nilishawishika kuiacha. Sikuiacha, na nawaambia msije mkaiacha ya kwenu.

Kikao cha kamati kilifanyika wiki iliyofuata. Mhakiki alisoma nakala yenye mhuri, akasimama, akaomba radhi mbele ya wote kwa neno "mtoro". Nilimheshimu kwa hilo. Kisha akachukua fomu yangu ya zamani na kalamu.

"Sasa tunarekebisha," akasema. "Kumbukumbu ya mazishi inasema hajaoa, hana mtoto. Kwa hiyo hapa kwenye mke na watoto tunakata."

"Hatukati," nikasema.

"Mzee, nyaraka mbili haziwezi kupingana."

"Hazipingani. Siku anazikwa, hakuwa na mke wala mtoto. Karani wa vita aliandika kweli. Leo anao. Nami niliandika kweli, ila sikuandika yote. Nipe fomu, niongeze pembeni."

"Fomu haina nafasi ya maelezo hayo."

"Pembeni ipo. Karatasi zote zina pembeni."

Wazee wawili wakacheka. Mhakiki hakukasirika. Alikuwa ametatizika kweli, akauliza kama mtu anayetaka kujua: "Lakini mtu aliyekufa anazaaje?"

Marwa alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Akasimama.

"Shikamooni wazee. Bwana, naomba kukuuliza. Huu mnara mnamjengea nani?"

"Marehemu."

"Siku ya kuufungua mtamwita jina?"

"Tutawaita wote."

"Kama mnaamini aliyekufa anafaa kuitwa, kuna ugumu gani kuamini ana mtu wa kumwitikia?"

Mhakiki akaweka kalamu chini, akanisukumia fomu mezani. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Mke aliolewa na nyumba ya marehemu baada ya kifo chake, kwa desturi ya wenyeji. Watoto ni wake." Nikaweka sahihi. Naye akaweka yake chini ya yangu, bila kuambiwa.

Mnara ulifunguliwa asubuhi, mvua ikitishia. Majina yaliitwa moja moja, na kila familia ilitoa mtu wa kuweka shada. Ilipofika zamu, aliyeita majina alisoma kutoka kwenye fomu yangu: "Chacha Ryoba. Shada litawekwa na mtoto wake." Marwa akaitika kwa sauti iliyofika barabarani. Nilimtazama Mama Ghati. Alikuwa ametulia, amenyoosha mgongo, mikono juu ya fimbo, na machozi yanamtiririka asiyapanguse. Nami niliachia yangu. Nina umri wa kutoona aibu.

Watu walipokwenda kwenye chakula, nilibaki kuhakiki herufi kwenye jiwe, mazoea ya kazi. Ndipo nikamwona Bhoke. Katika habari yote hii hakuna aliyemuuliza Bhoke neno, hata mimi, isipokuwa kuhusu dole gumba. Alikuja peke yake, akasimama mbele ya jiwe, akaniuliza jina liko wapi. Nikamwonyesha. Akachukua ncha ya kitenge akafuta vumbi la saruji kwenye kila herufi, polepole. Mwanamke huyu alikuwa ameolewa akiwa msichana na mtu ambaye hakuwahi kumwona sura wala kumsikia sauti, akamlimia, akamzalia, akamtunzia mama yake. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, lakini nilimsikia.

"Mimi ni Bhoke," alimwambia. "Ni mke wako."